Jina la Mtu Ndani ya Istilahi: Amdahl, Mpemba na Safari ya Marejeo

Miongoni mwa maswali ambayo wafasiri na walimu hutuletea mara kwa mara, liko moja linalostahili kujibiwa kwa urefu. Swali lenyewe ni hili: pale istilahi ya kigeni inapobeba jina la mtu, je, mfasiri alichukue jina hilo kama lilivyo, au aliache na kulieleza jambo lenyewe kwa Kiswahili? Aghalabu swali hili huonekana jepesi, kwa kuwa jina la mtu halitafsiriwi. Sisi twaona kwamba si jepesi hata kidogo. Jina haliingii katika istilahi kwa nasibu, wala haliwekwi na mwenye jina. Huwekwa na wale waliomsoma, na baada yao na wale waliowasoma hao, na hatimaye na watu wasiopata kuliona andiko la asili. Mfasiri anayelichukua jina huichukua na hukumu ya watu hao wote.

Swali hili lilitukabili upya mjini Kiomboi, makao makuu ya Wilaya ya Iramba mkoani Singida, tulipokaa na walimu na watumishi wa wilaya kupitia orodha ya istilahi za kompyuta zilizokusanywa kutoka vitabu mbalimbali. Msomaji asiyeijua Kiomboi na aelewe kwamba msafiri atokaye Singida kwenda Nzega huiacha barabara kuu penye njia panda ya Misigiri, kisha akauelekea uwanda wa Iramba. Mwalimu wa sekondari wa huko ni mfasiri kila siku ya kazi, ingawa hakuna aliyempa cheo hicho. Kitabu chake ni cha Kiingereza, maelezo anayotoa mbele ya darasa mara nyingi yanaangukia Kiswahili, na mwanafunzi huenda akayawaza tena kwa Kinyiramba njiani akirudi nyumbani. Neno likiwa bovu, huharibika mara tatu.

Katika orodha ile lilikuwamo fungu la maneno lisemalo “Sheria ya Amdahl”. Mwalimu mmoja wa hisabati akauliza, kwa upole lakini kwa makusudi, sheria hiyo ilipitishwa na bunge gani, na raia asiyeitii hufanywa nini. Watu walicheka. Hata hivyo swali lake lilikuwa na uzito kuliko vicheko vyetu, na makala hii inajaribu kulijibu kwa kuitazama historia.

Gene Amdahl alizaliwa tarehe 16 Novemba, 1922, katika mji mdogo wa Flandreau, jimbo la South Dakota nchini Marekani. Alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Wisconsin mwaka 1952 kwa tasnifu iliyoeleza jinsi ya kubuni kompyuta, na mwaka huo huo akaajiriwa na kampuni ya IBM. Aliiacha, akarudi mwaka 1960, na mwaka 1970 akaondoka moja kwa moja kwenda kuanzisha kampuni iliyoitwa kwa jina lake. Alifariki Novemba 2015. Alikuwa mhandisi wa mashine kabla ya kuwa mwandishi, na sifa yake katika maandishi ya wataalamu imesimama hasa juu ya makala mbili, moja ya mwaka 1964 na nyingine ya mwaka 1967. Tutaanza na hii ya pili, kwa sababu ndiyo iliyozaa “sheria”.

Mnamo Aprili 1967, wataalamu wa kompyuta walikutana katika mji wa Atlantic City, Marekani. Siku hizo palikuwa na ubishi mkali. Wako waliosema kwamba kompyuta yenye kichakataji kimoja imefika mwisho wa uwezo wake, na kwamba njia ya mbele ni kuviunganisha vichakataji vingi vifanye kazi kwa pamoja. Daniel Slotnick, aliyeongoza mpango wa kompyuta ya ILLIAC IV, alikuwa mmoja wa watetezi wa rai hiyo. Amdahl alikwenda kuipinga. Makala yake haizidi kurasa tatu za taarifa ya mkutano. Humo alieleza kwamba katika kazi yo yote ya kompyuta kuna sehemu ambayo haigawanyiki, yaani ile shughuli ya kupanga na kuhamisha taarifa kabla na baada ya hesabu zenyewe. Kwa makadirio yake sehemu hiyo ilikuwa imechukua kiasi cha asilimia 40 ya amri zinazotekelezwa, na haikuwa imebadilika sana kwa muda wa miaka 10. Hata ukiipunguza kwa bidii, alisema, itabaki kuwa kikwazo.

Pale Kiomboi tuliieleza hoja hiyo kwa alizeti, zao ambalo kila mtu wa Singida analifahamu. Tuseme mkulima mmoja huhitaji saa 9 kupura alizeti yake, na mashine ya kukamua mafuta, ambayo ni moja tu kijijini, huhitaji saa 1. Jumla ni saa 10. Akiwaita majirani wakawa watu 9, kupura kutakwisha kwa saa 1, kukamua kutabaki saa 1, na kazi yote itachukua saa 2. Hapo amefanya haraka mara 5, ingawa watu wameongezeka mara 9. Akiwaita watu 90, kupura kutakwisha kwa dakika 6, lakini mashine bado itadai saa yake nzima. Kazi itakuwa ya saa 1 na dakika 6, yaani haraka mara 9 na kidogo. Hata akiukusanya mkoa mzima, hawezi kufikia mara 10. Mtumishi mmoja wa fedha aliyekuwapo alisema kwamba sasa ameelewa kwa nini kuongeza makarani wa kuandika hati hakukupunguza foleni, maadamu mwenye kutia saini ni yule yule mmoja. Hatukuwa na la kuongeza.

Sasa tunafika penye jambo linalomhusu mfasiri. Anayefungua kitabu cho chote cha usanifu wa kompyuta atakuta “sheria” hiyo imeandikwa kwa fomula, yenye herufi za aljebra juu na chini ya mstari wa sehemu. Akiitafuta fomula hiyo katika makala ya mwaka 1967, haimo. Amdahl aliandika maelezo na kuchora mchoro. Fomula iliandikwa na wengine, kisha ikahesabiwa kuwa yake. Wala yeye hakuiita hoja yake sheria. Walioirejelea ndio waliompa cheo cha mtunga sheria, kitabu kimoja baada ya kingine, hata jina likashikamana na fomula kama lebo na chupa.

Wala hoja yenyewe haikuwa ya milele kwa namna ambayo neno sheria linaashiria. Mwaka 1988 John Gustafson wa maabara za Sandia nchini Marekani alichapisha makala fupi ya kuipima upya. Yeye na wenzake walikuwa na mashine ya vichakataji 1,024, na kwa baadhi ya kazi walipata ongezeko la kasi lililozidi mara 1,000. Hakusema kwamba Amdahl alikosea hesabu. Alisema kwamba watu wakipewa mashine kubwa hawaendelei kuiuliza maswali madogo. Kwa lugha ya alizeti, mwenye wapuraji 90 halimi tena shamba lile la mwanzo. Hulima kubwa zaidi. Kisha mwaka 2008 Mark Hill na Michael Marty waliirudia hoja ya Amdahl kwa kuitumia juu ya vichakataji vya siku hizi, ambavyo ndani ya kibati kimoja vina viini vingi vya kufanyia kazi. Makala ya kurasa tatu ilikuwa imeishi zaidi ya miaka 40, na bado ilikuwa inabishaniwa.

Kwa hiyo neno “sheria” hapa linapotosha. Wengine wamependekeza “kanuni”, na katika fizikia ya shuleni neno hilo limezoeleka. Lakini msomaji wetu mtumishi wa serikali hulijua neno kanuni kwa maana nyingine, yaani amri ndogo zitungwazo na waziri chini ya sheria mama. Mwalimu wa Kiomboi angeweza kutuuliza swali lile lile kwa mara ya pili. Sisi twaelekea zaidi kwenye “Kikomo cha Amdahl”. Neno kikomo husema jambo lenyewe, kwamba kasi ina mwisho wake. Nalo halidai kwamba mtu fulani aliketi akatunga amri. Jina la Amdahl tunalibakiza, kwa kuwa hoja ni yake hata kama fomula si ya mkono wake.

Tuigeukie makala ya mwaka 1964. Hii Amdahl hakuiandika peke yake. Waandishi ni watatu: Amdahl, Gerrit Blaauw na Frederick Brooks. Mwezi Aprili mwaka huo IBM ilitangaza jamii ya kompyuta zilizoitwa System/360, na makala ilichapishwa katika jarida la kampuni hiyo kueleza jinsi zilivyofikiriwa. Umuhimu wake kwetu wanaistilahi ni mkubwa kuliko ule wa “sheria”, kwa sababu humo ndimo dhana ya usanifu wa kompyuta ilipopewa fasili iliyoshika. Brooks alikuwa amekwisha kulitumia neno hilo katika kitabu kilichotoka mwaka 1962, lakini makala ya 1964 ndiyo iliyolieneza.

Fasili yao, tukiieleza kwa maneno yetu, ni kwamba usanifu ni mashine kama aionavyo mtu anayeiandikia programu: amri inazozielewa, namna inavyozishika namba, na jinsi inavyojibu. Mpangilio wa njia za ndani zinamopita taarifa, na vipande vya umeme vinavyoutimiza, si usanifu. Ni mambo mengine mawili yanayostahili majina yao. Faida ya utengano huo ilikuwa kubwa. Mteja aliweza kununua mashine ndogo ya jamii ile, na baadaye akanunua kubwa yenye kasi mara nyingi zaidi, bila kuziandika upya programu zake. Ndani zilikuwa mashine tofauti kabisa. Kwa mwandishi wa programu zilikuwa moja.

Brooks, katika kitabu chake cha mwaka 1975, aliueleza utengano huo kwa mfano wa saa, alioupata kwa Blaauw. Usanifu wa saa ni uso wake, mishale yake na kile kitufe cha kuitilia ufunguo. Mtoto akijifunza kusoma saa ya mkononi, ataweza kuisoma na ile ya mnarani, ingawa ndani hazifanani. Mfano huu kwetu Waswahili una utamu wa ziada. Uso wa saa tunaoutazama ni ule ule anaoutazama Mwingereza, lakini yeye akisema saa moja sisi twasema saa saba, kwa kuwa tunahesabu tangu macheo. Saa haikubadilishwa hata skrubu moja. Programu iliyo kichwani mwa msomaji ndiyo tofauti. Twafikiri mwalimu akianzia hapo, somo zima la usanifu litaeleweka kwa nusu saa.

Lakini neno letu “usanifu” linatosha? Lina mzigo. Tunalo katika usanifu wa majengo, tunalo katika Kiswahili sanifu na usanifishaji, na wako wanaosema kumsanifu mtu wakiwa na maana ya kumkejeli. Vitabu vingine hulitumia pia kwa ubunifu wa aina yo yote, hata wa nguo. Rai yetu ni kwamba neno lenyewe ni zuri, ila lisiachwe peke yake. “Usanifu wa kompyuta” uwe ule uso wa saa. “Mpangilio wa ndani” uwe mashine nyuma ya uso. Na “utekelezaji” uwe vyuma na nyaya. Mfasiri anayeyaita yote matatu usanifu huivunja fasili ya mwaka 1964 bila kujua, na msomaji hawezi tena kuelewa kwa nini programu moja huendeshwa na mashine mbili zisizofanana.

Huenda msomaji akauliza kwa nini maneno ya namna hii yamechelewa kwetu, hali kompyuta si ngeni nchini. Jibu moja limo katika historia. Kompyuta ya kwanza ya Tanzania, ICT 1500, ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. (Tuseme kwa kupita kwamba hata hiyo ilibeba jina la kupewa: ICT ilikuwa kampuni ya Uingereza, lakini mashine yenyewe ilibuniwa na RCA ya Marekani.) Baada ya matatizo ya hesabu za serikali zilizotiwa katika kompyuta, mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na marufuku hiyo ililegezwa polepole baadaye. Kizazi kizima cha wasomi kilipita bila kuigusa mashine. Ziliporudi, zilirudi kama chombo cha mtumiaji. Mwezi Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilizindua Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, na kazi hiyo njema iliimarisha maneno kama faili, kuhariri na kuhifadhi. Hayo ni maneno ya mtu aliyeketi mbele ya kioo. Maneno ya mtu anayeibuni mashine hayakuwa na aliyeyadai.

Sasa tuitazame njia yenyewe ambayo jina hupitia. Mwandishi wa kitaaluma anapolitaja andiko la mwenzake hutoa rejeo. Marejeo yakihesabiwa, hupatikana kipimo cha jinsi andiko lilivyowafikia wengine. Wanasheria wa Marekani walitangulia katika jambo hili: tangu mwaka 1873 Frank Shepard alikuwa akiorodhesha kila hukumu pamoja na hukumu za baadaye zilizoitaja, ili wakili ajue kama bado ina nguvu. Eugene Garfield aliichukua njia hiyo akaipeleka katika sayansi. Alitoa pendekezo lake mwaka 1955, na mwaka 1964, mwaka ule ule wa makala ya usanifu, taasisi yake huko Philadelphia ilianza kuchapisha faharasa ya marejeo ya sayansi. Mwaka 2005 Jorge Hirsch, mwanafizikia, alileta kipimo cha h: mtafiti mwenye h ya 20 ni yule mwenye maandiko 20 ambayo kila moja limerejelewa angalau mara 20. Siku hizi vyuo hupandisha watu vyeo kwa tarakimu hizo. Tuone basi kwamba kwa kipimo cha h, mtu mwenye maandiko mawili tu yaliyorejelewa mara elfu nyingi hawezi kupata zaidi ya 2. Kipimo humpenda mwandishi wa mengi.

Lugha yetu haikuwa maskini katika jambo hili kama wengine wanavyodhani. Wanavyuoni wa pwani wamejua isnadi kwa karne nyingi, yaani mlolongo wa wapokezi: fulani alipokea kwa fulani, naye kwa fulani, hata kufikia msemaji wa kwanza. Tofauti ni kwamba mwenye isnadi huuliza kama kila mpokezi ni mwaminifu. Faharasa ya marejeo huhesabu tu. Kwa “kutoa rejeo” na “kurejelewa” tuna maneno yanayotosha. Kwa ule uzito apatao mtu kwa kurejelewa, tunapendekeza “uzito wa marejeo”. Neno “athari”, ambalo baadhi ya wafasiri hulitumia hapa, tungependa kuliepuka kwa sababu itakayoonekana hivi punde.

Faharasa za Garfield za miaka ile zilikuwa na kasoro moja yenye matokeo makubwa. Andiko lililorejelewa liliorodheshwa kwa jina la mwandishi wa kwanza peke yake. Katika makala ya 1964, majina matatu yamepangwa kwa mfuatano wa alfabeti, na Amdahl akatangulia. Aliyetafuta jina la Blaauw hakuikuta.

Mtanzania mmoja naye jina lake lilitangulia. Erasto Mpemba alizaliwa mwaka 1950. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba, alikuwa akitengeneza aisikrimu pamoja na wenzake kwa kuchemsha maziwa na sukari. Nafasi katika jokofu ilikuwa ndogo. Kwa kuogopa kuikosa, aliingiza maziwa yake yakiwa bado ya moto, huku mwenzake akiingiza yasiyochemshwa. Baada ya muda wa saa moja na nusu hivi, ya Mpemba yalikuwa yameganda na ya mwenzake bado. Alimwuliza mwalimu, akajibiwa kwamba amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, na mwalimu wa huko akasema kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu.

Kisha Dkt. Denis Osborne wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, akaja shuleni kuhutubia, na Mpemba akamwuliza swali lile lile mbele ya wanafunzi waliomcheka. Osborne hakucheka. Alirudi Dar es Salaam akaagiza jaribio lifanywe. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala ya kurasa nne katika jarida la Physics Education, jina la Mpemba likiwa la kwanza, na wakati huo yeye alikuwa katika Chuo cha Wanyamapori, Moshi. Mwaka huo huo mtafiti wa Canada, George Kell, alichapisha makala yake juu ya jambo hilo hilo, akiwa hana habari za Mkwawa. Wala jambo halikuwa geni: Aristotle alikwisha kuligusia, na baada yake Bacon na Descartes. Lakini jina lililoshika ni la mvulana wa Magamba. Kejeli ya mwalimu, kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, imegeuka kuwa istilahi.

Nayo imesafiri mbali. Mwaka 2012 jumuiya ya wanakemia wa Uingereza ilitoa zawadi ya pauni 1,000 kwa maelezo bora ya jambo hilo, na maelezo kiasi cha 22,000 yakapelekwa. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walichapisha majaribio yao wakatilia shaka kama maji hufanya hivyo kweli. Mengi ya matokeo ya zamani, walionyesha, yanaweza kutokana na mahali kipimajoto kilipowekwa. Mtu angedhani jina lingekufa hapo. Halikufa. Mwaka 2017 wananadharia walilichukua na kulitumia kwa mifumo isiyo na maji kabisa, na mwaka 2020 Avinash Kumar na John Bechhoefer walionyesha katika jarida la Nature kwamba chembe ndogo sana zinazoongozwa kwa mwanga huweza kupoa kwa namna hiyo. Baadaye jina likaingia hata katika fizikia ya kwanta. Wanaolitumia humo hawazungumzii tena maziwa wala jokofu. Kama kwa Amdahl, jina limeliacha andiko nyuma na kwenda na njia yake.

Mfasiri wa Kiswahili ana tabu hapa ambayo Mwingereza hana. Andika “athari ya Mpemba” mbele ya darasa la Kiomboi, na mwanafunzi ambaye hajasimuliwa kisa atasoma kwamba watu wa Pemba wana madhara fulani. Kwa Kiswahili Mpemba ni mtu wa kisiwa kile, na athari ni neno ambalo masikioni mwa wengi limekwisha kuelekea kwenye ubaya: mafuriko huathiri, ugonjwa huathiri. Maneno mawili, na yote mawili yanampotosha msomaji. Ni jambo la kusikitisha kwamba istilahi ya kisayansi yenye jina la Mtanzania ieleweke zaidi kwa Kiingereza kuliko kwa lugha ya mwenyewe.

Dawa ni nyepesi. Kwanza jina lake liandikwe kamili, Erasto Mpemba, mahali pote, hata kama wageni wameridhika na nusu. Pili, badala ya athari litumike “tokeo”, yaani jambo lililoonekana kutokea, liwe limeelezwa au halijaelezwa. Neno tokeo lina heshima ya kutodai zaidi ya kilichoonekana, na baada ya makala ya mwaka 2016 uangalifu huo unahitajika. Yako maoni kwamba haki ingetaka kuandikwa “tokeo la Mpemba na Osborne”. Hoja hiyo ina nguvu, kwa kuwa bila Osborne kusingekuwa na jaribio. Lakini Osborne mwenyewe aliridhia jina la kijana litangulie, na mfasiri hana sababu ya kuubadilisha uamuzi wa mwandishi.

Si kila jina linastahili ukarimu huo. Tarehe 30 Juni, 1945, ilitoka rasimu ya ripoti juu ya kompyuta ya EDVAC ikiwa na jina moja tu juu yake, John von Neumann. Ilisambazwa na Herman Goldstine ikiwa haijakamilika, na mahali pa marejeo mengine pakiwa wazi. J. Presper Eckert na John Mauchly, waliokuwa wakiifanya kazi hiyo katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, hawakutajwa. Kwa sababu rasimu ile ilisomwa na kurejelewa kila mahali, mashine yenye kuzihifadhi programu pamoja na data katika kumbukumbu moja inaitwa duniani kote kwa jina la von Neumann. Hapo ndipo mfasiri wa Kiswahili ana uhuru ambao mwenzake wa Kiingereza alikwisha kuupoteza. Istilahi “usanifu wa programu hifadhi” inaeleza jambo lenyewe, inafundishika, na haimnyimi mtu haki yake. Tunashauri itumike hiyo katika vitabu vya shule, na jina la von Neumann litajwe katika maelezo tu, ili mwanafunzi atakayekutana nalo katika Kiingereza asipotee.

Kwa walimu waliotuuliza Kiomboi, na kwa wengine wote, orodha ya muda ni hii: Kikomo cha Amdahl, usanifu wa kompyuta, mpangilio wa ndani, utekelezaji, usanifu wa programu hifadhi, rejeo, faharasa ya marejeo, uzito wa marejeo, Tokeo la Erasto Mpemba. Maoni yanapokelewa, hasa juu ya “kikomo”, ambalo baadhi ya wanahisabati wanalitaka kwa dhana nyingine. Kuhusu mpangilio wa kialfabeti, tokeo litakuwa chini ya herufi T. Atakayelitafuta kwenye M atakuta vidahizo viwili vimeandikwa mbalimbali: Mpemba, mtu wa Pemba, na Mpemba, Erasto, tazama Tokeo.